Mkulima wa Kakao Alilipwa Lini?

Hotuba hii niliitoa Jumamosi mbele ya waokaji wa keki na watengenezaji wadogo wa chokoleti, katika ukumbi wa kanisa moja huku South B, Nairobi. Wengi walikosa kufika kwa sababu ya oda za harusi, nao wameomba maneno yote. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha.

Waokaji wenzangu, akina mama, vijana, na nyinyi wazee wangu mliokaa mbele, hamjambo? Nashukuru kwa kunialika.

Naanza kwa kuomba mikono. Nani ameoka au kuuza kitu cha chokoleti wiki hii? Keki, biskuti, brauni, chochote kile. Inueni juu niione. Naam, karibu ukumbi mzima. Sasa abaki na mkono juu yule tu anayejua kakao aliyotumia ilitoka nchi gani. Naona mikono minne. Ahsanteni. Sasa abaki yule anayejua mkulima wa kakao hiyo alilipwa lini.

Hakuna. Mimi mwenyewe mnaona nimeushusha wangu. Nitawaeleza kwa nini, lakini bado kidogo.

Miaka sita iliyopita nilinunua gunia langu la kwanza la kakao hapa hapa Nairobi. Sikutaka unga. Nilitaka punje zenyewe, nizikaange, nizimenye, nizisage kwa mkono wangu. Nikampata mfanyabiashara mmoja, nikalipa, kilo 30 zikapakiwa kwenye bodaboda hadi nyumbani. Nilipofungua mdomo wa gunia pale jikoni, harufu iliyonipokea haikuwa ya kakao. Ilikuwa ya moshi. Moshi wa kuni, ule unaoshika kwenye sweta ukikaa usiku kucha karibu na mafiga.

Nikachukua kisu kidogo cha matunda, nikapanga punje hamsini kwenye kibao, nikaanza kuzipasua moja moja kwa urefu. Naeleza hili polepole kwa sababu ni jambo ambalo kila mmoja wenu anaweza kulifanya kesho asubuhi. Punje iliyovundikwa vizuri, yaani iliyofunikwa siku kadhaa ichachuke, na kuanikwa juani, ukiipasua, ndani ni ya kahawia, nayo imejikunjakunja na kuachia mianya kama ubongo wa mbuzi. Ukiibana kwa vidole inavunjika. Iliyovundikwa siku chache mno ni ya zambarau. Ambayo haikuvundikwa kabisa ni ya kijivu, imeshikana kama jiwe la kunolea kisu, na ukiitafuna inakukausha ulimi wote. Katika zile hamsini zangu, zaidi ya nusu zilikuwa za zambarau na kijivu. Na ule moshi hautoki. Uikaange, uisage, uitie sukari, utaukuta pale pale.

Nikampigia yule bwana simu. Nikamuuliza, kakao hii imetoka wapi? Akanijibu, "Dada, ni kakao tu."

Ni kakao tu. Maneno hayo matatu nimekaa nayo miaka sita. Ndugu zangu, kakao huvundikwa siku tano hadi saba, ndani ya masanduku ya mbao au chini ya majani ya migomba, ikigeuzwa isivunde upande mmoja. Kisha huanikwa wiki nzima au zaidi, ikikimbizwa ndani kila mvua inapopiga. Mtu aliyeziruka siku hizo zote akaikausha kwa moshi hakuwa mvivu. Alikuwa na haraka. Sasa swali langu ni hili: nani alimharakisha? Lishikeni swali hilo, tutalirudia.

Kuna watakaosema haya ni mambo mapya ya Wazungu na lebo zao. Si mapya hata kidogo. Mwaka 1901, William Cadbury, wa ile familia ya chokoleti ya Uingereza, alipata habari kwamba kakao ya kisiwa cha São Tomé, koloni la Ureno wakati huo, ilikuwa ikilimwa na watu waliotolewa Angola na kufanywa watumwa. Mwaka huo huo akaona shamba la huko likitangazwa kuuzwa, na katika orodha ya mali walikuwamo vibarua weusi 200, thamani yao pauni 3,555. Pigeni hesabu. Haifiki hata pauni 18 kwa kichwa. Watu, wameorodheshwa pamoja na mali ya shamba, wamewekewa bei.

Je, kampuni iliacha kununua mwaka huo? La. Ilituma mchunguzi mwaka 1905. Ikaandikiana barua na serikali. Ikasubiri. Iliacha kununua mwaka 1909, pamoja na kampuni nyingine za chokoleti, Fry na Rowntree. Miaka minane! Na hawa hawakuwa watu wasiojali. Walikuwa Wakristo wa dhehebu la Quaker, watu wenye sifa ya kupinga utumwa. Ndiyo maana kisa hiki kinanitisha. Mtu anaweza kujua, akahuzunika kwa dhati, na bado akaendelea kununua miaka minane kwa sababu kiwanda hakiwezi kulala. Nasi je, si tuna oveni ambazo haziwezi kulala?

Tuvuke karne moja. Septemba 2001 kampuni kubwa za chokoleti zilitia sahihi makubaliano huko Marekani, yanayoitwa kwa majina ya seneta Harkin na mbunge Engel, ya kukomesha aina mbaya kabisa za ajira ya watoto katika kakao ya Afrika Magharibi. Mwisho ulikuwa 2005. Ukasogezwa hadi 2008. Ukasogezwa hadi 2010. Kisha lengo lenyewe likashushwa: angalau ajira hiyo ipungue kwa asilimia 70 ifikapo 2020. Mwaka 2020 ulipofika, watafiti wa NORC, taasisi ya utafiti iliyo katika Chuo Kikuu cha Chicago, wakatoa ripoti yao: watoto milioni 1.56 walikuwa katika ajira ya watoto kwenye mashamba ya kakao ya Ghana na Ivory Coast.

Tuelewane hapa, maana wengi wetu tumekulia shambani. Mtoto anayetoka shule akamsaidia mama yake kuchuma kahawa au kufukuza ndege kwenye mpunga, siye huyo. Namsema anayepasua maganda kwa panga, anayebeba mzigo unaomshinda, anayepuliza dawa bila kinga, anayekosa shule kwa sababu kakao imeiva.

Kwa nini tarehe zote zile zilipita? Mimi nina jibu langu. Makubaliano yalizungumza juu ya watoto, hayakuzungumza juu ya bei. Mkulima asiye na cha kumlipa kibarua atamwita mwanawe. Huo ndio ukweli, na hakuna semina inayoubadilisha.

Mwaka 2019 Ghana na Ivory Coast, ambazo wakati huo kwa pamoja zilitoa karibu asilimia 60 ya kakao ya dunia, zilisema imetosha: kila tani iongezwe dola 400 ili mkulima apate kuishi. Wanunuzi wakaitikia. Lakini kakao ya nchi hizo ilikuwa na nyongeza yake nyingine ya siku zote, inayolipiwa ubora, na hiyo ikaporomoka hadi chini ya sifuri. Mkono wa kulia ukatoa, wa kushoto ukachukua.

Halafu ukaja mwaka 2024. Mnaukumbuka? Machi tani ikapita dola 10,000. Desemba ikapita 12,000. Tukapandisha bei ya keki, wateja wakatununia, na wengi wetu tukasema, angalau safari hii mkulima amepata. Amepata nini? Mkulima wa Ivory Coast aliingia msimu ule na bei iliyopangwa tangu Oktoba 2023, faranga 1,000 kwa kilo, kama dola 1,600 kwa tani. Soko likisema elfu kumi, yeye anahesabiwa elfu moja na mia sita! Aprili ikapandishwa hadi faranga 1,500. Kakao kule huuzwa kwa mikataba kabla haijavunwa, kwa hiyo bei ilipopanda ilimkuta keshauza.

Na kwa nini bei ilipanda? Mvua zilizidi, maganda yakaoza mitini. Kuna ugonjwa wa virusi unaovimbisha matawi hadi mti unakufa, na dawa yake ni kuung'oa tu. Miti yenyewe imezeeka. Nani alikuwa na fedha za kupanda mingine? Miaka na miaka ya bei ya kutupa ilikuwa inangoja siku ya kutudai, na ilipofika ilitudai sote, kuanzia kwao hadi kwenye oveni za South B.

Sasa narudi kwenye mkono wangu nilioushusha.

Baada ya lile gunia la moshi niliamua kwenda kuiona kakao kwao. Nilipanda basi hadi Kampala, Fort Portal, nikateremka milima hadi Bundibugyo, chini ya Rwenzori, mpakani na Kongo. Nikapokelewa na mama mmoja wa kikundi cha wakulima, anayezungumza Kiswahili cha mpakani. Miti yake ya kakao imesimama chini ya migomba, na ukiingia humo mchana unahisi baridi kama umeingia pangoni. Aliangua ganda moja la manjano, akaliweka juu ya jiwe, akaligonga kwa rungu. Si kwa panga. Panga, aliniambia, linajeruhi punje, na ukungu unapitia pale pale kwenye jeraha. Ganda likafunguka: punje thelathini na kitu, zimejipanga, zimevikwa ute mweupe, mtamu wenye uchachu kama stafeli. Baa moja ya chokoleti nyeusi ya gramu 100 inakula maganda mawili hadi matatu kama hilo.

Nikamuuliza kwa nini baadhi ya majirani zake wanauza kakao mbichi, ikiwa bado na ute, kwa bei ya kusikitisha, wakati wakisubiri wiki mbili tatu tu wangepata zaidi. Aliniangalia kama mtoto aliyeuliza swali la kitoto. Akasema, "Mwanangu, ada ya shule haisubiri kakao ikauke."

Hapo ndipo gunia langu lilipopata jibu. Nani alimharakisha mkulima yule? Ada ilimharakisha. Homa ya mtoto. Deni la dukani. Na mnunuzi anayejua hayo yote, anayekuja wiki ya kufungua shule akiwa na noti mfukoni. Kule Kagera kuna jina la biashara ya namna hii kwenye kahawa: butura, kuuza kahawa ingali maua mtini. Jambo ni lile lile.

Niliweka oda kwa kikundi kile. Mwaka wa kwanza nililipa vizuri. Mwaka wa pili niliagiza mara mbili, na mara zote mbili nililipa baada ya siku 90. Hoteli moja ya hapa mjini ilinichelewesha mimi, nami nikawachelewesha wao. Nikajiambia biashara ndivyo ilivyo. Na wakati huo huo, ndugu zangu, nilikuwa nimeweka picha ya mashamba yao kwenye karatasi ya chokoleti yangu. Nilikuwa nawaambia wateja, hii ni kakao ya haki. Nilisimama kwenye maonyesho na kusema hivyo kwa kipaza sauti. Jina la kijiji nalijua, mti naujua, mama namjua, na pesa zake ninazo mimi.

Msimu uliofuata nikapiga simu kuagiza. Yule mama akaniambia kwa upole, "Mwanangu, tumempa dalali. Alikuja na pesa mkononi."

Hakunilaumu. Nilitamani angenilaumu.

Ndiyo maana leo sikuja kuwaambia mwulize tu kakao imetoka wapi. Nilikuwa najua imetoka wapi! Kujua kwangu hakukumsaidia mtu. Nimekuja kuwaomba mwulize mkulima alilipwa kiasi gani, na alilipwa lini.

Nigusie misitu. Tangu 1960 Ivory Coast imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya msitu wake, na kakao ni sababu kubwa mojawapo. Ardhi ikichoka na mbolea ikiwa haishikiki, mkulima anasogea msituni kwenye udongo mpya. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria, mwaka 2023, kwamba kakao, kahawa, mawese na bidhaa nyingine chache haziingii sokoni kwao kama zimetoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Kila shamba lazima lionyeshwe lilipo kwenye ramani, na likizidi hekta nne lazima mipaka yake yote ichorwe. Utekelezaji umesogezwa mbele mara mbili, lakini kazi imeanza. Wenye jamaa Nyeri na Kirinyaga mmewaona vijana wakizunguka mashamba ya kahawa na simu mkononi. Ndiyo hiyo.

Mimi naiunga mkono sheria hii, ila mkulima wa ekari mbili asibebeshwe gharama zake. Lakini kuna jambo linalonikosesha usingizi, nalo linatuhusu sisi wa Nairobi. Kakao iliyothibitishwa itakwenda Ulaya. Ile isiyojulikana ilikotoka itakwenda wapi? Itatafuta soko lisilouliza. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameshaandika juu ya kakao inayotoroshwa kutoka Beni, mashariki mwa Kongo, mahali watu wanapouawa na makundi yenye silaha, na kuingizwa Uganda. Ikishavuka mto, nani ataitofautisha? Inakuwa ni kakao tu. Tukiwa soko lisilouliza, tutakuwa jaa la majirani zetu. Mnakubali hilo? Mimi silikubali.

Nimeulizwa juu ya alama za uthibitisho kwenye karatasi za chokoleti, zile zenye chura na nyinginezo, zinazosema kakao imelimwa kwa kufuata kanuni. Nazithamini. Lakini muelewe zinavyofanya kazi, maana nyingi zinaruhusu kakao kuchanganywa. Fikirieni maziwa. Mkulima wa Githunguri analeta mtungi wake, wa jirani analeta wake, yote yanamiminwa kwenye tangi moja. Ukinunua pakiti hujanunua maziwa ya ng'ombe fulani. Kwa baadhi ya alama za chokoleti ni hivyo: kiwanda kimenunua tani kadhaa zilizothibitishwa, kikazichanganya na zisizothibitishwa, kikaruhusiwa kuweka alama kwenye kiasi kinacholingana. Si udanganyifu, fedha za nyongeza zilitoka. Lakini ile kakao iliyomo mkononi mwako huenda haikupita kwa mkulima yule kamwe. Someni maandishi madogo.

Na kompaundi, ile chokoleti ya bei nafuu, ambayo najua ndiyo imejaa stoo zetu? Ina unga kidogo wa kakao, sukari, na mafuta ya mbegu za mawese mahali pa siagi ya kakao. Siwakatazi, bei ninaijua. Ila mawese nayo yana misitu yake iliyokatwa, kwa hiyo swali linabaki lile lile. Vanila hali kadhalika: nyingi hutoka Madagaska, na bei ilipopanda mno, hasa baada ya kimbunga cha 2017, wakulima wengi waliichuma kabla haijakomaa kwa kuogopa wezi. Uganda serikali hutangaza tarehe ya kuanza kuvuna ili kuzuia hilo hilo. Mnaona? Haraka tena.

Kyela, Tanzania, kakao sasa huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika, na bei inatangazwa mbele ya watu. Mkulima anasikia kwa masikio yake kilo imeuzwa ngapi. Hiyo nayo ni njia, na Kyela si mbali. Lori linapita Mbeya, linaingia Namanga.

Ombi langu kwenu ni hili. Peke yangu ninanunua magunia machache, na msafirishaji ananitoza kama tajiri. Tukiwa kumi na tano tunajaza nusu ya lori. Nilirudi Bundibugyo mwaka jana. Nililipa nilichodaiwa, nikaomba radhi mbele ya kikundi kizima, na tukaandikiana upya: nusu ya fedha siku ya kuagiza, ili ada ilipwe na kakao ivundikwe siku zake zote, nusu iliyobaki siku gunia linapopakiwa. Sio siku 90. Siku ile ile, kwa simu, mbele yao. Na picha ya shamba nimeiondoa kwenye karatasi ya chokoleti yangu. Mahali pake nimeandika mambo mawili: bei niliyolipa kwa kilo, na tarehe niliyolipa. Baadhi ya wateja hawaisomi. Yule mama anaisoma. Huwa namtumia moja kila msimu, naye hunipigia kunisahihisha tarehe ikikosewa.

Atakayetaka kuingia kwenye ununuzi wa pamoja, daftari liko kwa katibu pale mlangoni. Na pale meza ya nyuma nimeweka mabakuli mawili ya punje. Moja ni la msimu huu. La pili ni la lile gunia la kwanza; nililibakiza kidogo, na moshi wake bado uko. Visu vipo, vibao vipo. Twendeni tukazipasue.